Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Ombi la Gari la Usiku

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kampala.

Kuhusu: Usafiri, Nalufenya hadi Kampala

Nalufenya hamhitaji kuelekezwa. Mwaka 2017, baada ya kuuawa kwa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, washukiwa waliletwa huku Jinja, kwenye mahabusu iliyoogopwa nchi nzima hadi ilipofungwa 2018. Mengi yalisemwa juu ya mahabusu ile, lakini usafiri wake haukupata sifa unazostahili. Hatukusikia gari limekosa mafuta, wala jamaa wametakiwa kuchanga. Hata barua ya rufaa haikudaiwa.

Nalufenya hiyohiyo ina hospitali ya watoto. Malaria kali huwaleta wengine mkojo umekuwa mweusi kama kokakola: chembechembe nyekundu za damu zimepasuka kwa wingi, na mabaki yake yanaziumiza figo. Mbale nako wanaujua ugonjwa huu. Watafiti wa huko wameandika kuuhusu miaka mingi, nadhani wizarani mna nakala. Mtoto wa kilo 10 akitoa mkojo chini ya mililita 5 kwa saa, yaani kijiko kimoja cha chai, figo zina taabu. Mama hukesha akikingojea kijiko hicho. Hata wabunge hawaingojei bajeti kwa macho makali namna hiyo.

Kwa kuwa matibabu ya serikali ni bure tangu 2001, baba huuza mbuzi anunue vitu vya bure: glavu, kanula, kipimo cha damu kwenye maabara ya mtu binafsi. Wadogo zake mgonjwa wamebaki kwa bibi, naye bibi ana homa.

Wakiambiwa damu isafishwe, jina linalotajwa ni hospitali ya Kiruddu, Kampala. Kutoka Jinja ni kama kilomita 80, kupitia msitu wa Mabira na foleni ya Mukono; kutoka Mbale ni zaidi ya 200. Tunasikia mnapeleka mashine mikoani. Asanteni, ila mtoto wa kilo 10 huhitaji vichujio na mirija ya kimo chake, si ya baba yake. Ipo pia njia ya kusafisha damu kwa kutumia utando wa tumbo la mtoto mwenyewe, isiyodai mashine kubwa wala umeme. Ubaya wake ni kwamba haina pa kufunga utepe wa uzinduzi.

Ombi langu ni dogo. Waandikieni polisi, muwaulize yale magari yaliyoleta watu Nalufenya yalikuwa yakirudi Kampala na nani. Mtoto, mama yake na chupa ya dripu wanaenea kiti kimoja. Hatapiga kelele, hana nguvu hizo. Mafuta yaandikwe kwenye fungu la usalama wa taifa, ambalo halijapata kuugua ugonjwa wa kupungukiwa. Na kanuni zikidai lazima awepo mshukiwa, andikeni figo mbili, zimegoma bila kibali cha polisi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Jinja

Nakala: Makao Makuu ya Polisi, Naguru