Ambulensi ya Wazima

Barabara Kuu ya Thika hupendeza Jumapili: waheshimiwa waliobanwa na suruali, juu ya baiskeli zenye bei ya gari kuukuu, wakichangia watoto wenye saratani. Ambulensi huwafuata polepole, isije paja la mtu likakaza pale Ruiru. Muuza mkate, kreti mbili nyuma ya baiskeli yake ya blakimamba, huwapita kilimani akipiga kengele. Yeye hana mfadhili wala nambari mgongoni.

Shirika la Afya Duniani lasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao; nchi nyingi za hali yetu, chini ya 30. Kanyageni basi, waheshimiwa, pesa zinahitajika. Ila Jumatatu mama wa Thika atampakata mwanawe kwenye matatu kwenda kutiwa dawa, na makanga atamwambia, “Mathe, songa kidogo, kuna mtu anaingia.”