Namna ya Kurudisha Kilo Ulizoziacha Hospitalini

Mahitaji: operesheni moja ya kupunguza tumbo, iliyofanikiwa. Miaka mitatu, minne ya kujisahau. Birika la chai ya maziwa. Siri moja. Moto uwe mdogo, maana pishi hili haliivi kwa siku moja.

Pishi hili nimelijulia jikoni kwangu, Small Heath, hapa Birmingham. Nilifanyiwa operesheni miaka tisa iliyopita, nikapungua kilo 46. Kufika mwaka wa saba, 17 zilikuwa zimesharudi. Naliandika hatua kwa hatua, kama tunavyofundishana pilau, kwa sababu hakuna aliyelala mwembamba akaamka na kilo 17 mgongoni. Huingia kijiko kwa kijiko, na kila kijiko kina jina lake. Hatua hizi zinafanya kazi kweli: anayezifuata, kilo zitamrudia. Ninazitaja ili mwenzangu azione mapema, ajue pa kuuzuia mkono.

Hatua ya 1: Amini kwamba kisu kimemaliza kazi

Operesheni kubwa ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, akabakisha kimfuko chembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili hutenga kifuko kidogo kama yai sehemu ya juu ya tumbo, akakiunganisha na utumbo ili chakula kipite njia ya mkato. Sehemu inayokatwa katika ile ya kwanza ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni inayopeleka habari ya njaa kwenye ubongo. Ndiyo maana miezi ya mwanzo unapita Coventry Road, sambusa zinanukia mlango hadi mlango, na moyo haukutumi.

Ukimya huo haudumu. Mwili haujui kwamba umeshona gauni la arusi; unachojua ni kwamba akiba yake imepungua, na huanza kuitafuta. Njaa hurejea kidogo kidogo, na mwili uliopungua hutumia nguvu chache kuliko ulipokuwa mzito, kwa hiyo chakula kilichokukondesha mwaka wa kwanza kinaweza kukunenepesha mwaka wa tano. Watafiti wa Sweden, walioanza mwaka 1987, waliwafuatilia zaidi ya watu 2,000 waliofanyiwa operesheni za aina mbalimbali. Waliotengenezewa kifuko kidogo walishuka kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Mchukue mtu wa kilo 120: alishuka 38, nane zikarudi, 30 hazikurudi.

Zile nane ni za wastani. Huwezi kumnyooshea kidole mtu mmoja ukasema ni uvivu wake. Kilo kadhaa kurudi ni tabia ya mwili, na haistahili aibu. Hatua zinazofuata ndizo zinazoamua kama zitakuwa nane au 28.

Hatua ya 2: Chovya

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, na naamini ndipo wanapoangukia wengi wetu tuliolelewa pwani.

Chukua hamri moja kavu, ulitafune taratibu. Mimi nusu yake inanitosha: kifua kinabana pale chini ya mbavu, najua nimeshiba. Sasa chukua jingine, ulizamishe kwenye kikombe cha chai mpaka lilowe, lilegee, lianze kukatikia vidoleni. Linapita. La pili linapita. La tatu linapita, na kile kibano cha kifuani hakijafika bado. Asubuhi moja nilikula manne hivyo, nimesimama kando ya jiko, watoto wanatafuta viatu vya shule. Nilipoweka kikombe chini, tumbo lilikuwa jepesi kana kwamba sijatia kitu.

Tumbo lililopunguzwa hushiba kwa kukaliwa na kitu kigumu. Kitu laini hakikai. Huteremka haraka na kuacha nafasi ya kingine. Biskuti, keki, kripsi, chokoleti, aiskrimu na mahamri ya kuchovya ni ndugu wa tumbo moja. Chai yenyewe ina hesabu yake pia. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni gramu 60 za sukari, nawe unajiambia hujala kitu. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, humshauri mtu mzima asizidi gramu 30.

Cha kufanya: kula kikavu, ukianza na samaki, kuku, yai au maharage. Tafuna. Chai ingoje nusu saa.

Hatua ya 3: Onja, dokoa, malizia

Sahani yangu ilibaki ndogo miaka yote. Ningekuapia kwamba nakula kama ndege, na nisingekuwa nasema uongo, maana nilikuwa nahesabu cha mezani tu. Sikuhesabu kijiko cha kuonja kama mchuzi umekolea chumvi. Sikuhesabu kipande cha nyama kilichodokolewa sufuriani, wala ugali uliobaki kwenye sahani ya mtoto, ambao nilifundishwa kwamba kuutupa ni dhambi. Wenzangu wanaofanya shifti za usiku kwenye nyumba za wazee na maghala wana udokozi wao: saa nane usiku, mwili unataka kulala, mashine ya kripsi imewaka taa.

Kisha ipo baridi. Desemba jua la Birmingham huzama kabla ya saa kumi jioni, na jioni ndefu namna hiyo hutafuta mdomo.

Cha kufanya: kwa siku saba andika kila kinachopita kinywani, hata kijiko cha kuonja. Usijilaumu, andika tu. Mimi siku ya tatu nilikwishaona kwamba nilikuwa na mlo mzima wa nne usio na sahani. Na kabla ya giza, toka. Mizunguko miwili ya bustani ya Small Heath kwa mwendo wa haraka haiwezi kuyeyusha kilo 17, lakini huulinda msuli, na msuli ndio unaokula nguvu hata umelala.

Hatua ya 4: Ifiche

Niliwaambia watu kwamba nimetolewa mawe ya nyongo. Kwetu mwili ni habari njema: mtu mnene amenawiri, ametunzwa. Aliyekonda ghafla anatafutiwa ugonjwa, na aliyekatwa tumbo kwa hiari yake husemwa kwamba ameshindwa kuufunga mdomo. Nikaona heri mawe ya nyongo.

Akaja mama mkubwa kutoka Mombasa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekauka hivi? Huko Ulaya hawakupi chakula?"

Akapika, akapakua, akaongeza. Ningemkatalia kwa sababu gani? Mtu aliyetolewa mawe ya nyongo hana udhuru wa kukataa sahani ya pili. Kilo zilipoanza kurudi, kwenye kila arusi na kila maulidi nilipokewa kwa furaha: "Alhamdulillahi, sasa umenawiri!" Waliosema hivyo walikuwa wananipenda. Nami nilirudi nyumbani nikalia, na sikuwa na wa kumweleza ninalia nini.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siri hii inakuondolea msaada siku unayouhitaji. Huna haja ya kutangaza msikitini wala kanisani. Tafuta mtu mmoja anayekula nawe meza moja, umwambie ukweli.

Hatua ya 5: Ukimbie mzani, na kliniki pamoja nao

Zote zilizotangulia zinarekebishika. Hii ndiyo yenye madhara, na ningependa uisome mara mbili.

NICE, chombo kinachotoa miongozo ya matibabu kwa NHS, kinataka aliyefanyiwa operesheni hizi afuatiliwe na kitengo chake kwa angalau miaka miwili, kisha apimwe kila mwaka, maisha yake yote, GP wake, yaani daktari wake wa mtaa, akishiriki. Wengi wetu mwaka wa tatu tunapotea. Mimi nilipotea kwa sababu niliogopa uso wa nesi atakaposoma namba. Barua ikija naiweka nyuma ya birika.

Lakini kliniki haikuniitia mzani peke yake. Tumbo lililokatwa halichukui vitamini na madini kama zamani. Waliounganishiwa utumbo huhitaji sindano ya vitamini B12, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Chuma, kalisi na vitamini D hufuatiliwa kwa kupima damu. B12 ikipungua kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu: ganzi miguuni, usahaulifu, mwendo wa kuyumba. Mtu anaweza kuwa amenenepa na wakati huohuo damu yake ina upungufu. Anayeukimbia mzani anakimbia na kipimo cha damu.

Ukirudi, wana mengi ya kufanya. Wanaweza kupitisha kamera kooni waone kama kifuko kimetanuka. Wanaweza kukagua dawa unazomeza, maana baadhi ya dawa za sonona, insulini na steroidi huongeza uzito, na kupima tezi ya shingo. Yupo mtaalamu wa lishe, yupo mshauri wa nafsi. Zipo sindano kama Wegovy na Mounjaro kwa wanaotimiza vigezo, na wachache hufanyiwa operesheni ya pili. Hapa kwetu Hospitali ya Heartlands, Bordesley Green, ina kitengo cha kazi hii. Miaka ikiwa imepita mingi, anza kwa GP: mwambie ulifanyiwa operesheni gani na mwaka gani, uombe kipimo cha damu. Kiingereza kikikukwama, omba mkalimani. NHS haikutozi kwa hilo. Nanyi mliowekewa puto tumboni, kama wanavyofanya Mloganzila, Dar es Salaam, habari hii ya kilo kurudi inawahusu toka siku puto linapotolewa.

Kuhusu chai

Nilirudi mwaka wa saba. Mtaalamu wa lishe hakuniuliza kwa nini nimenenepa. Aliniuliza: "Asubuhi unakula nini, na unakinywea nini?" Nikamweleza habari ya mahamri. Kilo tisa zimeshaondoka tena. Nane zimebaki, na sina ugomvi nazo.

Kilichokuwa kigumu kuliko kupanda mzani ni simu ya kwenda Mombasa. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe miaka yote nilikuwa nakupakulia juu ya kidonda."

Mwaka huu amekuja tena. Asubuhi ya kwanza alichemsha chai ya tangawizi, akaimimina yote kwenye chupa, akakaza kifuniko, akaisogeza mwisho wa meza pasipofika mkono wangu. Akaniwekea yai na nusu hamri. Akatazama saa ya ukutani.

"Kula kwanza, mwanangu. Chai ina nusu saa yake."