Sifa Njema za Dalali Asiye na Leseni

Kila fani ina mtu wake wa kuvishwa shada, na katika fani ya nyumba na viwanja jijini Dar es Salaam mtu huyo ni dalali wa mtaani asiye na leseni. Wenzake wa ughaibuni wanateseka. Jimbo la Texas nchini Marekani humtaka anayetamani kazi hiyo akae darasani saa 180, atoe alama za vidole, kisha afaulu mtihani, ndipo aruhusiwe kumwonyesha mtu sebule. Kwetu inatosha simu yenye chaji, viatu visivyoogopa vumbi na kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo. Wasiomwelewa husema hajasoma. Hawajaona kwamba masomo hayakufutwa, yamehamishiwa kwa mteja. Huko mtihani anafanya wakala. Hapa anaufanya mpangaji. Basi mtu anayeelimisha umma mzima, naye mwenyewe asipate hata cheti, tumwite nani kama si mfadhili?

Tazama mtaala wake. Ada ya kujiunga ni pesa ya usumbufu, inayolipwa kabla ya kuona chumba na isiyorudi hata kama chumba chenyewe kilipata mtu juzi. Ada ya kuhitimu ni kodi ya mwezi mmoja, juu ya ile ya miezi sita au ya mwaka ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo. Somo la jiografia hufundishwa kwa subira: nyumba ya bonde la Msimbazi huonyeshwa mwezi Agosti, ua umekauka na upepo mwanana, na jibu la swali hutolewa masika. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wangeweza kulitoa jibu hilo kwa dakika moja, lakini elimu ya chapuchapu haikai kichwani. Somo la umiliki ni la vitendo: kiwanja kimoja, wanunuzi wawili, na kila mmoja ana karatasi yenye muhuri. Hata wenye mali wasiouza chochote wamefaidika na somo hili, ndiyo maana wameandika kwa rangi kwenye kuta zao: "Nyumba hii haiuzwi."

Watu wa utaratibu watauliza mbona wengine wanabanwa. Mthamini ana bodi yake ya usajili kwa sheria ya mwaka 2016. Dalali wa mahakama, kwa kanuni za mwaka 2017, hutakiwa kwanza apate cheti cha Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Yaani anayeiuza nyumba yako kwa amri ya hakimu lazima awe amesomea, na anayekuuzia nyumba ya mwenzako kwa mdomo wake mtupu haulizwi kitu. Hakuna mgongano hapo. Wa kwanza anashughulika na mtu aliyekwisha kupoteza, ambaye hana tena la kujifunza. Wa pili ana mbele yake mtu mwenye fedha taslimu, na mwanafunzi bora kuliko huyo hajazaliwa. Watataja pia Kenya, iliyotunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984 na kuwaundia bodi. Ni kweli, lakini hata huko wasiosajiliwa hawajatoweka. Kipaji hakizuiwi na gazeti la serikali.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa wanaomtetea kwa dhati: kwamba leseni ya gharama itamnyang'anya kijana riziki, ilhali yeye ndiye anayejua kisima kipi hukauka na mwenye nyumba yupi hugeuka mbogo kila mwisho wa mkataba. Hapa msifuji hana budi kukubali. Ujuzi anao, tena mwingi. Kinachokosekana ni sababu ya kuutoa kabla hajalipwa. Na leseni si lazima iwe shahada. Yatosha jina lake liwe kwenye daftari, atoe risiti, fedha ya mteja ikae mbali na ya mfukoni mwake, na pawepo ofisi ya kupokea malalamiko na kumfutia kibali. Kijana wa kidato cha nne anayaweza yote hayo. Tatizo ni kwamba akiyafanya, hakuna hata sifa moja kati ya nilizozitaja itakayobaki: pesa ya usumbufu itakuwa na maelezo, mafuriko yatatajwa Agosti, na kuta zetu zitakosa maandishi.

Kwa hiyo tumsifu mapema, kabla serikali haijamharibu. Nawe msomaji unayetafuta chumba mwezi huu, lipa ada yako kwa adabu, kisha mwombe risiti. Jibu atakalokupa ndilo cheti chako.