Barua ya Wazi kwa Bunge: Hongereni kwa Kumstiri Mnunuzi

Waheshimiwa Wabunge wa Kenya,

KUH: PONGEZI KWA KUFUTA HODI

Nawapongeza kwa kazi ya mwaka 2012, ingawa wengi wenu hamkuwamo bungeni wakati huo. Sifa za kiti humfuata anayekikalia.

Sheria ya zamani ya ardhi iliyosajiliwa, Sura ya 300, ilikuwa na adabu za kizamani. Kifungu cha 30 kilisema kwamba haki za mtu anayekaa kwenye ardhi humbana mnunuzi hata kama hazimo kwenye rejista, isipokuwa mnunuzi amemuuliza na yeye hakuzitaja. Yaani mwenye pesa zake alilazimika kupiga hodi! Mlipotunga Sheria ya Usajili wa Ardhi, hodi hiyo mkaiacha nje. Kifungu cha 28 kinalinda njia za kupita, nyaya za umeme, hata haki ya mwangaza na hewa. Mtu anayeivuta hewa hiyo, kwa sababu tu anaishi pale, hakutajwa. Mwaka 2016 mkarudi, mkafuta na kipengele kilichotaja haki za wanandoa juu ya mali ya ndoa. Usafi wa namna hii haujapata kuonekana.

Hesabu yenu ya mikataba ndiyo inayonifurahisha zaidi. Aliyepanga kwa miaka miwili au chini yake, hata kwa maneno ya mdomo, mnunuzi anampokea pamoja na kuta. Aliyepanga kwa miaka kumi, akaandikiana na mwenye nyumba mbele ya wakili, akachimba kisima na kupaka rangi, lakini mkataba wake haukufika masjala ya ardhi, ana makubaliano na mtu aliyekwisha kuuza na kwenda zake. Anaruhusiwa kumshtaki. Kumpata ni shughuli nyingine.

Huku Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mambo yalianza kwa mdomo, enzi za mababu. Ushahidi ni stakabadhi za kaboni zilizofifia, nyingine zina jina la marehemu kwa marehemu. Kisha warithi wanauza. Mnunuzi anakuja kutazama mali akiwa garini, vioo vyeusi vimepandishwa. Hashuki, na wakili wake anamsifu kwa hilo. Akiteremsha kioo atasikia harufu ya mahamri, na aliyesikia harufu ya mahamri ataapaje kwamba alidhani kiwanja ni kitupu? Nia njema inahitaji kiyoyozi.

Lakini isidhaniwe kwamba nia njema inatosha kila mahali. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa utetezi wa mnunuzi asiye na hatia, kwa sababu kiwanja cha ufukweni alichonunua kiligawiwa kinyume cha utaratibu mwaka 1989. Kushika hati mkononi hakukutosha. Ilibidi chanzo chake kiwe safi. Sawa kabisa. Basi mnunuzi achimbue makabrasha hadi 1989, lakini asimuulize mama anayekaanga mahamri mlangoni leo asubuhi?

Ombi langu ni dogo. Kirudisheni kile kipengele cha kumuuliza mkaaji, na safari hii kiguse hati zote, zikiwemo zile za Pwani zilizokuwa chini ya sheria nyingine ambazo Sura ya 300 haikuzifikia. Hakihitaji bajeti wala tume.

Nawe msomaji uliyepanga kwa zaidi ya miaka miwili, usiwangoje waheshimiwa. Peleka mkataba wako ukasajiliwe wiki hii, kabla mwenye nyumba hajapata mteja.

Wenu mtiifu,
Mpangaji, Mombasa