Mwongozo wa Mchunguliaji wa Manundu

Kabla ya yote, chagua nani akujue. Ukitumia programu ya pembeni kutazama stetasi ya mtu wa Manundu, hapa Korogwe, pasipo yeye kugundua, lazima awepo mwingine atakayejua kwamba umetazama, umemtazama nani, saa ngapi na kwa simu gani. Huyo mwingine ni mwenye programu. Wa Manundu unamfahamu: kwao unakujua, mama yake unamsalimia sokoni, na akichukia kwamba unamfuatilia, mtakaa mtayamaliza. Mwenye programu humjui jina wala nchi, na hana cha kumaliza na wewe. Naweka msimamo wangu mapema: kati ya hao wawili, heri ajue wa Manundu.

Sababu ya kujificha naielewa vizuri. Korogwe ni mji wa kujuana. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na ukiitazama jina lako linabaki kwenye orodha ya waliotazama mpaka saa hizo ziishe. Mliyeachana naye akilikuta jina lako pale saa nane za usiku, kufika asubuhi habari iko stendi, inasubiri basi la Arusha pamoja na abiria. Aibu hiyo ni ya kweli na inauma. Kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Kwa WhatsApp hakuna cha kupakua. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya faragha, zima tiki za bluu. Utatazama stetasi na jina lako halitatokea. Malipo yake ni kwamba na wewe hutaona waliotazama za kwako. Mimi naona ni haki kabisa: anayetaka kutoonekana naye akubali kutoona.

Wengi hapo hawaridhiki. Wanataka waone waliowatazama huku wao hawaonekani, na ndiyo maana GB WhatsApp, WhatsApp ya pembeni, imejaa kwenye simu zetu. Haitoki Play Store. Hurushwa kutoka simu hadi simu, au unawekewa na kijana wa simu pale mjini. Ukifika kwake, usimwachie simu ukaenda kunywa chai. Kaa naye, tazama kioo. Simu itaonya kwamba programu hii imetoka nje ya duka rasmi na inaweza kuleta madhara. "Dada, hiyo ni kawaida tu, bonyeza ruhusu," atakuambia, na anasema kwa nia njema kwa sababu ya kwake nayo ameiweka hivyo hivyo. Kisha maombi yatafuatana: majina, mesenji, kamera, maikrofoni, mahali ulipo.

Soma kila ombi kwa sauti kabla ya kubonyeza. Majina maana yake ni namba ya shangazi yako wa Handeni, mweka hazina wa kikoba, mwalimu wa mtoto na mchungaji au imamu wako, watu ambao hakuna hata mmoja aliyekutuma umgawe. Mesenji ni mahali zinapoingia tarakimu sita za kuthibitisha akaunti, na taarifa za M-Pesa zenye salio lako. Uliyemruhusu kuzisoma atazisoma kabla hujaitoa simu mfukoni.

Haya yameshatokea. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky walikuta kirusi kiitwacho Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, moja ya hizi WhatsApp za pembeni. Mwaka uliofuata wakaikuta YoWhatsApp ikiiba funguo za akaunti za watumiaji wake. Oktoba 2022 Meta, kampuni mama ya WhatsApp, ilizishtaki kampuni zilizosambaza programu za namna hiyo, ikidai kwamba akaunti zaidi ya milioni moja zilichukuliwa. Hata pale ambapo hakuna mwizi, WhatsApp yenyewe humfungia namba anayetumia programu isiyo yake. Fikiria mama ntilie anayepokea oda kwa namba hiyohiyo.

Akaunti ikishachukuliwa, anayeumia kwanza si wewe. Ni shangazi wa Handeni, anayepata ujumbe kwa jina lako na picha yako: nimekwama, nitumie elfu hamsini kwa namba hii. Anatuma, kwa sababu anakupenda. Umetaka kuchungulia maisha ya mtu mmoja, na aliyelipia ni mwingine ambaye hata Instagram haijui.

Tukifika Instagram, tenga vitu viwili. Akaunti iliyo wazi inaweza kutazamwa na yeyote, na tovuti za kutazama bila jina huichota kwa niaba yako: unaandika jina la mtu, kompyuta yao inakwenda kuchukua, wewe unaonyeshwa. Tovuti ya namna hiyo haihitaji nywila yako hata kidogo. Ikiiomba, funga ukurasa. Bado itabaki na rekodi ya majina uliyotafuta, nawe hujui itaipeleka wapi.

Akaunti iliyofungwa ni jambo jingine. Mwenyewe amechagua watu wake, na wewe si mmoja wao. Tovuti inayodai itakufungulia aghalabu inakudanganya: itakuzungusha uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kupakua programu mbili tatu, mwisho bando limekwisha na hujaona kitu. Na pale inapofungua kweli, ndipo pabaya zaidi. Mwaka 2019 kulikuwa na programu ikiitwa Ghosty. Ilikutaka uingize akaunti yako ya Instagram na umwalike mtu mwingine, ndipo uonyeshwe picha za waliofunga. Ilizipata wapi? Kwa watumiaji wake wenyewe. Kila aliyeingia alikuja na marafiki waliomwamini, na programu ikapita kwa jina lake kuwafikia. Instagram iliitaka isimame, na mwaka huohuo ikaondolewa Play Store. Kwa maneno mengine, ungeona picha za binti wa watu kwa kuwa rafiki yake alimuuza, nawe ungelipia kwa kuwauza wa kwako. Hilo silihalalishi kwa mapenzi, kwa wivu wala kwa udadisi.

Kuna na wale wanaoichukua simu ya mke au mume akiwa bafuni na kuiunganisha WhatsApp yake na kompyuta au simu nyingine. Ukihisi umefanyiwa, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokijua. Ni kazi ya nusu dakika. Anayefanya ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, na ndoa si ruhusa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ya kupokea malalamiko. Ila lazima ujue unamlalamikia nani, na programu hizi nyingi hazina jina la mwenyewe wala anwani.

Sasa kwa yule ambaye anajificha kwa haki. Dada aliyemkimbia mwanaume mpigaji, anayeogopa kwamba picha zake zinarushwa kwenye kurasa za mwanaume huyo, ana kila sababu ya kutaka kujua bila kujulikana alipo. Kwako wewe nasema: usiweke programu yoyote. Mwombe mtu mnayeaminiana, ambaye anaziona kurasa hizo kihalali, azitazame kwa simu yake. Apige picha ya kioo inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yote, wala asijibu chochote. Asizisambaze hata kwa ndugu. Kisha nendeni pamoja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu hiyo ikiwa imejaa chaji.