Vikao vya Ustawi wa Vifaranga

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Njombe, Mtetea alikubali kuatamia mayai yasiyo yake. Bata aliyeyataga alikuwa amechukuliwa na kicheche, na katika ua mzima hakujitokeza mwingine wa kuyalalia. Siku ya 21, ambapo mayai ya kuku huwa tayari, majirani walipita kumpa pole. Siku ya 28 wakamwambia wazi kwamba amelalia mawe. Mtetea hakuinuka. Mayai ya wale bata wa kienyeji wenye uso mwekundu huchukua hadi siku 35, na siku ya 35 vifaranga kumi na mmoja wakatoka.

Wiki ya kwanza mabawa yake yaliwatosha. Ya pili, miguu ilichomoza huku, vichwa kule. Kifaranga wa bata huongezeka mwili upesi, lakini manyoya ya kukinga baridi huchelewa kumfuata, kama mtoto anayerefuka ilhali shati ni lile la mwaka juzi. Tena hayaoni maji akayaacha. Anayelelewa na mama bata hupata mafuta kwenye manyoya ya mama yake, maji yakamteleza. Anayelelewa na kuku hulowa hadi kwenye ngozi, na mwezi wa sita kule Njombe, aliyelala amelowa ni nadra kuiona asubuhi.

Mtetea akaenda barazani. Aliomba kona ya banda, maranda kutoka kwa wapasua mbao, ubao wa kuzuia upepo, na chemli ya kijiji kila usiku.

"Mimi nilikua bila taa," alisema Mwenyekiti Jogoo.

"Ulikua chini ya mama yako, Mwenyekiti. Hawa mama yao kaliwa, na mimi sienei."

Katibu, Bata Mzinga, akaandika kwamba ombi limepokelewa. Mbuzi, mweka hazina, akaeleza kwamba mafuta ya taa yapo, ila yametengwa kwa ajili ya vikao. Wakaafikiana: vifaranga wapewe chemli kila usiku, isipokuwa usiku wa kikao. Na mwezi ule vikao vilifuatana, vyote vikiwa na ajenda moja: ustawi wa vifaranga.

Usiku wa kikao cha tatu chemli ilichukuliwa mapema. Mjadala ulikuwa mrefu. Kila mjumbe alitaka isikike jinsi anavyowapenda watoto. Kulipokucha, vifaranga wanne walikuwa wamekufa konani, chini kabisa ya rundo la wenzao. Baraza likatoa taarifa kwamba marehemu walifariki kwa kukosa nidhamu ya kulala.

Taarifa ile inanichoma hadi leo. Kifaranga harundikani kwa ukaidi. Amekosa joto, anatafuta mwili wa mwenzake, na mwenzake naye anatafuta wa mwingine, mpaka walio chini wanakosa pumzi. Mkono uliochukua taa ndio uliolijenga rundo lile.

Maneno yalipozagaa kisimani, baraza liliona aibu, na kwa aibu hiyo likakimbilia upande wa pili. Wakaingiza jiko la mkaa bandani, wakaziba kila tundu kwa magunia, wakafunga mlango. Jogoo akasimama nje akipokea shukrani.

Bibi Kanga alikuwa anapita. "Shikamoo, Bibi," Jogoo akamwamkia. "Njoo uone tulivyowajali."

"Marahaba. Mbona kimya hivi? Vifaranga wenye raha hulialia taratibu."

Mtetea hakungoja jibu. Aliling'oa gunia kwa kucha. Ndani, saba waliobaki walikuwa wamejibana ukutani, midomo wazi, wakihema, na wawili wakiyumba. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ileile inayoua familia za watu usingizini. Waliwatoa wote saba wakiwa hai, na jiko likarudishwa jikoni.

Bibi Kanga akaketi mlangoni, baraza zima limemzunguka. "Msiniulize mimi kiasi cha joto, wala msimuulize Mwenyekiti," alisema. "Waulizeni wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi, ishusheni kidogo. Wakiikimbia, imewazidi, ipandisheni. Wakisogea wote upande mmoja, basi upande wa pili upepo unaingia. Mkiwakuta wametawanyika, huyu anakula, yule kalala kajinyoosha, hapo msiguse kitu."

Wafugaji wenye kipimajoto huanzia kama nyuzi 32 wiki ya kwanza, kisha hupunguza takribani nyuzi tatu kila wiki. Hata hao nawasihi wasikiamini kipimajoto kuliko vifaranga.

Chemli ikaning'inizwa kwa waya, mbali na maranda yasije yakashika moto. Tundu la juu likaachwa wazi hewa ipite. Maranda yaliyolowa yakawa yanatolewa kila asubuhi, maana bata humwaga maji kila anapokunywa. Chombo cha maji kikawa cha kina cha kuzamisha pua tu, wazioshe, wasiweze kuogelea.

"Watatoka tarehe ngapi?" akauliza Katibu, kalamu mkononi. "Nataka kuandika."

"Andika: wakishaota manyoya," Bibi Kanga akamjibu. "Wapapase mgongoni na chini ya mabawa. Penye ngozi tupu, bado. Inaweza kufika wiki ya nane, ikapita. Kabla ya hapo watoke mchana jua likiwa kali, warudi kabla ya ukungu."

Jogoo alinung'unika kwamba hakuna baraza linaloweza kupanga mambo kwa kupapasa migongo. Safari hii hakuna aliyemuunga mkono. Mtetea aliwapapasa kila jioni, na mwezi wa nane ulipokuwa ukingoni, wa mwisho wa wale saba aliingia kijitoni akatoka mkavu.

Kikao kilichofuata kilifanyika saa nne asubuhi, juani. Mbuzi alifungua daftari la matumizi ya mafuta ya taa, akafuta mstari wa kwanza ulioandikwa "vikao", akaandika "banda la vifaranga". Vikao akavishusha mstari wa pili, na pembeni yake akaongeza: yakibaki.