Bima ya Fundi ni Mimi

Nilipotaka kuezeka kibanda changu huko Goba, mkandarasi wa kwanza alikuja na kabrasha: cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, hati ya bima, stakabadhi za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ufundi peke yake, shilingi milioni 2.5. Wa pili alikuja na penseli sikioni. Akatazama kuta, akatema mate pembeni, akasema, "Laki 7, bosi, na hela ya kula."

Nikauliza habari za bima, nisionekane mshamba. Akanyoosha kidole juu. "Mimi amenikatia Mungu."

Nikampa laki 3 za kuanzia, nikalala nikijiona mjanja kuliko jiji zima.

Siku ya tatu, mrunda mmoja wa jukwaa, tuliouazima kwa mama jirani, uliamua kurudi kwao. Uliondoka na fundi, bati mbili na kopo la misumari, wote wakatua juu ya banda la kuku la mama huyo. Kuku wanne walitangulia mbele ya haki. Fundi akabaki na mkono uliovunjika na sauti iliyo nzima kabisa: "Bosi, nakufa!"

Mfuko ule wa fidia huchangiwa na mwajiri, ili mfanyakazi akiumia kazini atibiwe na kulipwa. Sasa mwajiri wa fundi ni nani? Mtaa mzima ukanigeukia. Nikaingiza mkono kwenye mfuko pekee uliokuwepo, wa suruali.

Ukatoa bajaji, ukatoa eksirei, ukatoa hogo. Mama jirani akaapa kuwa marehemu wote wanne walikuwa wa kienyeji, tena watagaji. Jioni mke wa fundi akabisha hodi na watoto watatu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, sisi tutakula nini?" Kufika mwisho wa mwezi, ile milioni 2.5 ya mkandarasi nilikuwa naikumbuka kama bei ya dagaa.

Masika yakabisha hodi nayo. Fundi akaja kumalizia kazi, hogo kifuani, akakaa juu ya ndoo chini ya mwembe kunielekeza. Nikapanda mwenyewe, nyundo mkononi, mrunda ukilia chini yangu.

"Taratibu, bosi," akasema. "Kwani wewe una bima?"

Kabla sijajibu, nikamwona mama jirani anahamisha kuku waliosalia.